Umefungua biashara mpya? Hivi ndivyo matapeli watakavyobisha hodi

Siku niliyotundika kibao cha duka langu la nafaka hapa Dodoma, jirani na Soko la Majengo, nilimwambia fundi aandike namba ya simu kwa herufi kubwa, hata aliye ndani ya bajaji aisome. Ilikuwa mwaka 2021. Wiki ile ile namba iliniletea wateja wa kweli, wakiwemo mama lishe wawili ambao mpaka leo nawauzia mchele. Wiki ya tatu ikamleta mtu aliyeondoka na shilingi 1,080,000 za mtaji wangu bila yeye mwenyewe kukanyaga dukani. Habari yake nitaieleza huko mbele, maana karibu kila ninachotaka kukuonyesha kimo ndani yake.

Naandika kwa ajili ya mtu aliye kwenye miezi yake ya mwanzo: mwenye duka, wakala wa miamala, fundi cherehani, mwenye saluni, mama lishe, kijana anayeuza viatu kupitia simu. Ukiwa mgeni kwenye biashara, mtaji wako bado ni pesa taslimu, haujawa bidhaa. Hujajua ofisi ipi inadai nini, kwa hiyo kila anayeingia na faili kwapani unamwona ni afisa. Na una kiu ya mteja mkubwa, kiu ambayo mfanyabiashara wa miaka kumi ameshaizoea. Tapeli anayajua hayo yote kabla hajakupigia.

Kuna kanuni moja ambayo hatua zote zitakazofuata zinaitegemea. Jambo lolote la pesa lithibitishe kwa njia unayoijua wewe. Usilithibitishe kwa njia aliyokupa yeye: si namba aliyokutumia, si kiungo alichokutumia, si "mkubwa wake" aliyekuunganisha naye kwenye simu. Ukiishika hiyo, mbinu zikibadilika mwakani bado itakufaa.

Hatua ya 1: Kabla ya kulipia fremu

Wengi hupigwa kabla hata ya kuuza kitu cha kwanza. Dalali anakupeleka kwenye fremu nzuri, iko barabarani, anafungua kwa funguo zake, anakwambia wako wengine watatu wanaoitaka na anayewahi kulipa miezi sita ndiye ataipata. Unalipa. Jumatatu unafika na makabati yako, unawakuta watu wengine wawili wamesimama mlangoni na mikataba inayofanana na wako.

Kuwa na funguo hakumfanyi mtu kuwa mwenye nyumba. Anaweza kuwa mpangaji anayehama, au fundi aliyepaka rangi. Fanya hivi: waulize wapangaji wa fremu za jirani mwenye nyumba ni nani na kodi wanamlipa nani. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa, umuulize mwenyekiti au mtendaji swali hilo hilo. Mkataba uandikwe na mwenye nyumba mwenyewe au msimamizi anayetambulika, mbele ya mashahidi, pale serikali ya mtaa au kwa wakili. Pesa iende kwenye akaunti au namba yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba. Ujira wa dalali, ambao kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja, mpe ukishashika mkataba na funguo. Akikasirika, mwache akasirike.

Hatua ya 2: Usajili ufanye kwa mikono yako

Namba ya mlipakodi, yaani TIN, inatolewa na Mamlaka ya Mapato, TRA, bure. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kupitia mfumo wao wa mtandaoni, na leseni ya biashara inatoka halmashauri kupitia mfumo wa Tausi. Ada zake zinajulikana na zinalipwa serikalini moja kwa moja.

Nje ya ofisi hizi kuna vishoka. Atakwambia foleni ni ndefu, mfumo uko chini, yeye ana mtu wake ndani. Kuzidishiwa bei ni hasara ndogo ukilinganisha na hii nyingine: akikufungulia akaunti, anaweka barua pepe yake na namba yake ya simu. Tangu siku hiyo nywila za biashara yako zinaenda kwake. Ukitaka kubadilisha taarifa mwaka unaofuata, inabidi umtafute, na atakutoza tena. Wengine hukupa cheti cha kuchapisha tu, na jina lako halimo kwenye daftari la BRELA kabisa.

Kama kompyuta inakupa shida, nenda steshenari unayoiamini, keti kando ya kijana anayekujazia, na uhakikishe barua pepe na namba vinavyoandikwa ni vyako. Ukimaliza, ingia mwenyewe kwa simu yako uone kama akaunti inafunguka. Baadaye litafute jina la biashara yako kwenye mfumo kama mtu wa nje anavyolitafuta.

Hatua ya 3: Mtu amekuja na faili na kizibao

Wakaguzi wa kweli wapo na watakuja. Afisa biashara wa halmashauri atakuja kuuliza leseni. TRA watakuja kuangalia risiti. Zimamoto watauliza kifaa cha kuzimia moto, afisa afya atakagua usafi, na sisi wa nafaka tunatembelewa na Wakala wa Vipimo kwa ajili ya mizani. Kwa kuwa wa kweli wapo, wa uongo naye anapata pa kujificha.

Wa uongo hupenda Ijumaa jioni, ofisi zinapofungwa. Ataangalia mizani yako, atatikisa kichwa, atasema haina stika ya mwaka huu na faini ni laki tatu. Ataacha neno hilo likukae kidogo. Halafu atashusha sauti: "Mama, naona wewe bado mgeni. Nipe elfu hamsini tuyamalize hapa hapa."

Usigombane naye na usimwogope. Mkaribishe kiti. Muombe kitambulisho, uandike jina lake, ofisi yake na saa aliyofika kwenye daftari, mbele ya macho yake. Kisha sema hivi: "Afisa, kama nina kosa nitalipa. Naomba uniandikie namba ya malipo." Malipo ya serikali yanapita kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Ina tarakimu 12 na inaanza na 99. Faini ya serikali haiingii kwenye namba ya simu ya mtu wala mfukoni.

Hapa kuna mtego unaowapata hata wajanja. Kontroo namba inaweza kuwa ya kweli lakini ni ya deni la mtu mwingine. Kwa hiyo usiishie kuhesabu tarakimu. Omba hati ya malipo yenyewe, uangalie jina lililoandikwa ni la nani na malipo ni ya nini. Jina si lako, usilipe.

Ukiwa na shaka, ipigie ofisi anayosema anatoka, kwa namba uliyoitoa kwenye tovuti yao inayoishia na .go.tz. Mimi nimeziandika namba hizo nyuma ya mlango wa stoo ili nisizitafute nikiwa na jazba. Na kama ni afisa wa kweli anayetaka rushwa, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana kwa 113, bure.

Hatua ya 4: Simu ya biashara ifunge kama unavyofunga droo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu simu ndiyo droo yetu siku hizi.

Anza na laini. Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Ukiona namba usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ifutwe, maana mtu anaweza kutapeli kwa laini hiyo na polisi wakakutafuta wewe. Laini hizo mara nyingi huzaliwa siku ulipokuwa unasajili ya kwako barabarani chini ya mwamvuli, ukaambiwa "alama haijasoma, weka kidole tena". Laini ya biashara isajilie dukani kwa mtandao wenyewe. Iwe tofauti na laini yako ya nyumbani, na namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa.

Malipo ya wateja. Mtu anachukua bidhaa za elfu themanini, anakuonyesha simu yake: "Nimeshalipa, si unaona?" Unachokiona ni picha tu, na picha inatengenezwa. Au inaingia meseji kwako, "Umepokea TSh 80,000", maneno yote yako sawasawa, ila imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu badala ya jina la huduma. Unapokuwa na foleni ya watu watano huwezi kuliona hilo. Dawa ni moja: ingia kwenye menyu uangalie salio lako mwenyewe kabla bidhaa haijavuka kaunta. Mtandao ukiwa chini, andika jina la mteja, mzigo ubaki, aje baadaye. Mteja mkweli hachukii kusubiri nusu dakika.

Benki nako kuna jambo lake. Mtu anaweza kukuletea karatasi kwamba ameweka hundi kwenye akaunti yako. Hundi iliyowekwa bado haijawa pesa mpaka benki ikuambie imekubalika na unaweza kuitoa. Uliza benki, usiulize karatasi.

"Nimekosea kutuma." Mtu anapiga kwa unyonge, anasema ametuma laki moja na nusu kwako kimakosa, ilikuwa ya hospitali, umrudishie. Mara nyingi hakuna kilichoingia, ni ile meseji ya kutengeneza. Lakini wakati mwingine pesa imeingia kweli. Ukimtumia kutoka kwenye salio lako, yeye anageuka nyuma na kuomba mtandao urudishe muamala wa kwanza, na wewe unakuwa umelipa mara mbili. Huruma yako itumie hivi: mwambie apige 100, mtandao wake urudishe wenyewe, na wewe hutaigusa pesa hiyo. Kama kweli ni ya hospitali, njia hiyo itampatia.

"Ile hela tuma kwenye namba hii." Meseji hii kila Mtanzania ameipata, na wengi tunaifuta. Ila mwenye biashara mpya karibu kila siku anadaiwa na mtu: wa mifuko, wa usafiri, wa jumla. Siku ambayo meseji itagongana na deni la kweli, vidole vitatuma vyenyewe. Usibadilishe namba ya malipo ya msambazaji kwa sababu ya meseji. Mpigie kwa namba yake ya zamani, usikie sauti yake.

Kama wewe ni wakala, una hatari za ziada. Kuna anayefika amevaa fulana ya mtandao, akisema amekuja kuboresha laini ya uwakala na anaomba simu "kwa dakika moja". Dakika hiyo inatosha kubadilisha laini au kuchungulia namba ya siri. Simu ya floti, yaani ile yenye mtaji wa uwakala, haitoki mkononi mwako, iwe kwa fulana ya rangi yoyote. Kuna anayesema "anza kuniwekea laki tano kwenye namba hii, ndugu yangu anakuja na hela, ameshuka kwenye boda pale". Pesa taslimu ihesabiwe kwanza mkononi, ndipo uweke. Na namba pekee ya huduma kwa wateja ni 100. Anayekupigia kwa 07 au 06 na kusema ni mtandao, kata, kisha wewe upige 100.

Halafu kuna kijana wa dukani. Tapeli anasubiri utoke. Anapiga simu ya duka: "Dogo, mimi ni rafiki wa bosi wako, niko naye hapa benki, simu yake imezima chaji, amesema unitumie laki mbili haraka." Dogo anaogopa kumuudhi bosi, anatuma. Usimlaumu mtoto wa watu kwa kitu ambacho hukumfundisha. Mkae chini, mkubaliane kwamba hakuna pesa inayotumwa kwa maelezo ya simu ya mtu mwingine, hata akimtaja mama yako mzazi. Mimi nilimwambia wangu hivi: ukinikosa kwenye simu ukakataa kutuma, na kumbe ilikuwa kweli ni mimi, sitakukasirikia. Alihitaji kulisikia neno hilo kutoka kwangu.

WhatsApp ya biashara iwekee uthibitisho wa hatua mbili leo hii. Anayekuomba umsomee tarakimu sita zilizoingia kwenye meseji anaiba akaunti yako, na akishaiba ataanza kuwaomba wateja wako pesa kwa jina lako. Hata kama anayeomba ni shangazi yako, huenda akaunti ya shangazi imeshaibiwa.

Hatua ya 5: Oda kubwa iliyotoka hewani

Sasa ile habari yangu.

Alianza kwa kutuma kijana. Kijana akanunua mchele kilo 25 kwa shilingi 50,000, akalipa taslimu, akaomba karatasi yenye bei zetu za jumla. Siku mbili baadaye simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Mimi ni mhasibu wa kambi ya ujenzi wa barabara. Yule kijana aliyechukua mchele juzi ni wetu. Mchele wako wapishi wameupenda."

Akaagiza gunia ishirini za mchele na kumi na tano za maharage, kila Jumatatu. Nilikaa chini kwenye kiroba. Usiku ule sikulala, nilikuwa napiga hesabu ya kulipa ada za watoto.

Kesho yake akapiga tena. Kuna unga wa lishe wanautumia kambini, unatoka kwa msambazaji mmoja Arusha. Wao hawawezi kununua kwake moja kwa moja kwa sababu hana mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za TRA, na wakaguzi wao wanataka risiti. "Wewe mama una mashine. Nunua kwake kwa 18,000 kila pakti, sisi tunakulipa 27,000. Tunahitaji pakti sitini, tutalipa pamoja na mchele." Faida yangu ingekuwa 540,000 kwa siku moja. Akanipa namba ya msambazaji. Nikampigia; alikuwa mama mwenye sauti ya upole, akajifanya hataki kushusha mpaka 18,000, kisha akakubali "kwa ajili ya mhasibu". Kwenye kutuma, jina lililotokea lilikuwa la mwanamume. Nikauliza. Akasema ni la mume wake. Nikatuma.

Mzigo ungekuja kwa basi saa mbili usiku. Nilikaa stendi mpaka saa sita. Kondakta hakujua kitu. Namba zote mbili hazikupatikana tena.

Mtaji wake ulikuwa ile 50,000, na mchele alikula.

Mpango huu una nguo nyingi. Ukiwa fundi cherehani, watakuagizia sare za shule zenye kitambaa "maalumu". Ukiwa na duka la pembejeo ni dawa ya mifugo au mbegu isiyopatikana. Umbo lake halibadiliki: mteja mkubwa anataka bidhaa usiyoiuza, na yeye huyo huyo anakuonyesha pa kuinunua. Ukiliona umbo hilo, simama, hata kama sauti ni ya mchungaji.

Oda kubwa ya kweli nayo ipo, kwa hiyo usizikimbie zote. Zichuje. Fika mwenyewe mahali anaposema yupo. Kambi ya barabara haifichiki, na mimi ningepanda boda tu ningejua. Omba oda ya maandishi yenye jina la kampuni na TIN, kisha uitafute kampuni kwenye mfumo wa BRELA. Omba malipo ya kwanza yanayotosha kununulia mzigo, na usinunue mpaka yaonekane kwenye salio. Bidhaa usiyoifahamu, mtafute msambazaji wako mwenyewe. Kama hakuna mwingine sokoni anayeijua, huenda haipo. Na akisema ni taasisi ya serikali, kumbuka manunuzi ya taasisi za umma hupita kwenye mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Tenda haitangazwi kwa kunong'onezwa kwenye simu, wala hailipiwi "pesa ya soda" ili jina lako liingie.

Kuhusu kulipwa zaidi: mteja akisema ametuma milioni mbili badala ya moja na anataka urudishe iliyozidi leo leo, rudi kwenye salio na benki kama nilivyoeleza. Haraka yake isikuhamishe.

Hatua ya 6: Unaponunua kwa jumla

Kurasa za mitandaoni zenye picha za maghala ya Kariakoo ziko nyingi, na picha huibwa kwenye kurasa za wenzao. Kama hujawahi kufika dukani kwake, mtume ndugu aliyeko Dar akauone mzigo na alipie palepale. Huna ndugu? Anza na oda ndogo ambayo hata ikipotea utakula chakula cha jioni. Kwa mzigo wa nje, usitume pesa kwenye akaunti ya mtu binafsi wakati unaambiwa unanunua kwa kampuni.

Hatua ya 7: Mikopo na "kuzalisha mtaji"

Utaona matangazo yenye picha za viongozi wakubwa: mkopo wa milioni tano, riba nafuu, hakuna dhamana, unatanguliza 35,000 ya fomu au bima. Mkopeshaji anayekutaka wewe umtumie pesa kwanza kwenye namba ya simu, achana naye. Angalia kama jina lake limo kwenye orodha ya watoa huduma wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu, bot.go.tz. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Wengi waliokopa kwenye programu za aina hiyo wanajua uchungu wa kuona majina yote kwenye simu yako yakitumiwa meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ipo kweli, haina riba, na ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Iulizie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, ofisini kwake.

Upatu sitaueleza sana. DECI mwaka 2009 waliuita kupanda mbegu, LBL, ambao polisi waliwakamata mwanzoni mwa 2025, waliuita kazi ya kutazama matangazo kwenye simu. Wa kwanza hulipwa kwa pesa za wa mwisho. Mtaji wa duka ununue bidhaa.

Hatua ya 8: Ukishapigwa

Dakika za kwanza ndizo zenye thamani. Mimi nilizipoteza stendi, nikisubiri basi na kuona aibu.

Piga 100 papo hapo, uwasomee namba ya kumbukumbu ya muamala na uombe pesa izuiwe. Ikiwa bado haijatolewa, inawezekana kuokolewa. Kama ni benki, piga au kimbia tawi lolote. Usifute meseji hata moja, wala usimtukane tapeli, maana mazungumzo yale ni ushahidi. Namba yake na meseji yake vitume kwenda 15040, ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imeitenga kwa ajili hiyo, ili laini ifungiwe asimpige mwingine. Kisha nenda kituo cha polisi, toa maelezo, uchukue namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Utapeli wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na bila RB hakuna wa kufuatilia chochote. RB hailipiwi.

Waambie jirani zako wa soko. Nilipowasimulia wenzangu, nikagundua mwenye duka la tatu kutoka kwangu alipigiwa na "mhasibu" huyo huyo mwezi mmoja kabla, akanyamaza kwa aibu. Angenieleza ningeokoka, nami kama ningenyamaza angelizwa mwingine.

Na jiandae kwa simu ya pili. Namba ya aliyepigwa huwa haitupwi. Mimi ilinijia miezi miwili baadaye, sauti nzito ya kikazi: "Mama, tunapiga kutoka makosa ya mtandao. Yule mtuhumiwa wako tumemkamata na pesa yako iko hapa. Tuma 40,000 ya kufungulia jalada uje uichukue."

Moyo uliruka, sitakuficha. Nikavuta daftari, nikafungua ukurasa niliobandika karatasi ya polisi, nikamwambia, "Asante baba. Nisomee namba ya RB yangu."

Akakata simu.